Kuishi viungani au mjini kati: dhana potofu na ukweli wake

Mjadala wa wapi pa kuishi huendeshwa kwa picha mbili. Moja ni nyumba yenye uwanja, mti wa kivuli na watoto wanaocheza nje. Nyingine ni chumba ghorofani, juu ya barabara isiyolala, kila kitu kikiwa hatua chache kutoka mlangoni. Watu huchukua mikopo ya miaka 20 au 30 kwa kuziamini picha hizo, kwa hiyo zinastahili kukaguliwa kwa makini. Ninachoshikilia ni kwamba mvuto wa viunga na mvuto wa jiji haukuota wenyewe mioyoni mwa watu. Ulijengwa kwa reli, barabara, mikopo na kanuni za ardhi, na vitu hivyo vinapobadilika, mvuto nao huhama.

Dhana: Viunga vililetwa na gari

Viunga ni vikongwe kuliko gari. Llewellyn Park, kule New Jersey nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1857, nusu karne kabla Ford hajatoa gari lake la Model T mwaka 1908. Mwaka 1888 mhandisi Frank Sprague alizindua tramu za umeme mjini Richmond, Virginia, na muda si mrefu miji mingi ya Marekani ikaanza kutanuka kwa kufuata njia za tramu. Kaskazini-magharibi mwa London, Reli ya Metropolitan iligeuza ardhi ya kandokando ya njia yake kuwa makazi, na kuanzia 1915 ikayatangaza kwa jina la Metro-land. Japani, Kobayashi Ichizo alifungua reli kutoka Osaka mwaka 1910, akanunua ardhi pembeni mwa reli hiyo na kuuza nyumba kwa malipo ya awamu, ili treni zake zipate abiria.

Historia hii ina uzito hadi leo kwa anayetafuta nyumba. Kiunga kilichozaliwa na kituo cha treni kilipangwa kwa ajili ya mtu anayeshuka na kutembea kwa miguu hadi kwake, hivyo maduka, shule na zahanati vilisogezwa karibu na kituo. Kiunga kilichopangwa kwa gari hakikuwa na ulazima huo. Watu wawili wanaweza kusema wote wanaishi viungani, mmoja akatuma mtoto dukani na kumwona akirudi, mwenzake akalazimika kuwasha gari hata kwa ajili ya kiberiti.

Dhana: Watu walihamia viungani kwa sababu ndivyo walivyopenda

Kupenda kulikuwepo, na kulikuwa na sababu nzito. Miji mikubwa ya karne ya 19 ilikuwa inaua wakazi wake kwa kipindupindu, moshi na maji machafu. London ilijenga mtandao wake mkubwa wa mabomba ya majitaka, chini ya mhandisi Joseph Bazalgette, baada ya uvundo wa mto Thames kuwashinda hata wabunge katika kiangazi cha 1858. Aliyekuwa na uwezo wa kuondoka katika mazingira hayo aliondoka, na hakuna wa kumlaumu.

Lakini wimbi kubwa la karne ya 20, hasa Marekani, haliwezi kuelezwa kwa mapenzi ya bustani pekee. Kabla ya miaka ya 1930, mkopo wa nyumba huko ulikuwa wa muda mfupi, na mara nyingi mnunuzi alitakiwa awe na karibu nusu ya bei mkononi. Mwaka 1934 serikali iliunda Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba, FHA. Mamlaka hiyo haikukopesha fedha yenyewe. Ilizidhaminia benki mikopo yao, na benki zikakubali miaka mingi ya kulipa na malipo madogo ya kuanzia. Vigezo vya udhamini vilipendelea nyumba mpya za familia moja, na mitaa ya zamani iliyochanganya nyumba, karakana na maduka ikapewa alama za chini. Yaani fedha zenyewe zilielekezwa nje ya jiji kabla familia haijaanza kufikiri inapenda nini.

Mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwasaidia askari waliorudi vitani, na ndani yake kulikuwa na udhamini wa mikopo ya nyumba. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt ilianza kujenga Levittown katika kisiwa cha Long Island, na kwa miaka michache tu ikasimamisha nyumba zaidi ya 17,000. Kila kikundi cha mafundi kilifanya kazi moja ile ile na kuhamia nyumba inayofuata. Kisha, mwaka 1956, ikapitishwa sheria ya barabara kuu: mtandao wa karibu kilometa 66,000, serikali kuu ikilipa asilimia 90 ya gharama. Nyingi za barabara hizo zilipasua katikati ya miji, na mitaa iliyobomolewa ilikuwa mara kwa mara ya maskini na ya watu weusi. Barabara ile ile iliyomfikisha mtu wa viungani kazini ilimwondolea mwingine nyumba yake.

Na mlango haukuwa wazi kwa wote. Mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikataza nyumba kukaliwa na asiye mzungu, isipokuwa akiwa mtumishi wa ndani, na miongozo ya FHA yenyewe ilihimiza vizuizi vya namna hiyo. Sheria ya kukomesha ubaguzi katika makazi ilipopitishwa mwaka 1968, familia nyingi za wazungu zilikuwa zimekwisha kuona nyumba zao zikipanda thamani kwa miaka 20, huku majirani waliokataliwa wakiwa bado wapangaji. Pengo hilo la mali lilirithiwa na watoto, halafu wajukuu. Anayesema kwamba watu walichagua viunga anapaswa kuulizwa: watu gani, na walikuwa wamewekewa chaguo gani mbele yao?

Dhana: Viungani wanaishi wenye nafasi, mjini wanabaki maskini

Picha hii ni ya nchi moja katika kipindi kimoja, na hata huko imepitwa na wakati. Mwanzoni mwa karne hii idadi ya maskini wanaoishi katika viunga vya miji mikubwa ya Marekani ilipita ile ya walio ndani ya majiji yenyewe. Huduma za kuwasaidia, kama vituo vya chakula na mabasi, zilikuwa zimejengwa mjini, kwa hiyo umaskini wa viungani una mzigo wa ziada wa umbali.

Paris mpangilio ulikuwa tofauti tangu mapema. Kati ya 1853 na 1870 Haussmann, ofisa aliyekabidhiwa kazi ya kulijenga upya jiji, alibomoa mitaa ya kale na kufungua barabara pana, na wengi wasiomudu kodi mpya wakasukumwa pembezoni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ufaransa ilijenga majengo makubwa ya nyumba za bei nafuu nje ya jiji, na maeneo mengi kati ya hayo yakaachwa bila usafiri wa kutosha wala kazi. Ghasia za mitaani zilizoikumba Ufaransa mwaka 2005 zilianzia Clichy-sous-Bois, kiunga cha Paris ambacho wakati huo hakikuwa hata na kituo cha treni.

Dhana: Viungani ni nafuu

Kodi au bei kwa kila mita ya mraba, ndiyo, kwa kawaida ni ndogo kadiri unavyotoka katikati. Ila nyumba haikai peke yake. Inakuja na safari zake, na safari zina mafuta, matengenezo, bima, na mara nyingi gari la pili kwa sababu mwenzi naye lazima afike kazini. Taasisi ya Center for Neighborhood Technology ya Chicago hujumlisha gharama ya nyumba na ya usafiri, na huhesabu mahali kuwa nafuu pale ambapo viwili hivyo kwa pamoja havizidi asilimia 45 ya kipato. Ukipima hivyo, maeneo mengi yaliyoonekana rahisi hupoteza urahisi wake.

Halafu kuna muda, na hapa ndipo ningemsihi mtu asimame kidogo. Watafiti Yacov Zahavi na baadaye Cesare Marchetti waliona kwamba, kwa wastani, watu katika miji tofauti sana hutumia takriban saa moja kwa siku wakiwa safarini. Njia ikiwa na kasi zaidi, watu hawaokoi muda. Wanakwenda kuishi mbali zaidi. Ndiyo maana barabara mpya ya kuondoa foleni huzaa nyumba mpya mbele yake, na foleni hurudi.

Wanauchumi Alois Stutzer na Bruno Frey walitumia takwimu za kaya za Ujerumani kuchunguza swali rahisi: je, mwenye safari ndefu ya kwenda kazini hufidiwa kwa nyumba bora au mshahara mnono, kiasi kwamba maisha yake yanamridhisha sawa na mwenzake wa karibu? Hawakuona fidia hiyo. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo watu walivyoripoti kuridhika kidogo na maisha. Nadhani sababu ni kwamba tunapokagua nyumba tunaona chumba cha ziada kwa macho, ila saa mbili za barabarani hazionekani siku hiyo. Chumba utakizoea baada ya mwezi. Foleni ya leo hukuzoeza kidogo sana kwa foleni ya kesho.

Dhana: Mjini ni hatari, viungani ni salama

Uhalifu wa kikatili, mauaji yakiwemo, kweli huwa mwingi zaidi katika majiji makubwa mengi. Lakini uhalifu ni sehemu moja tu ya hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Annals of Emergency Medicine ulipitia vifo vya majeraha nchini Marekani kuanzia 1999 hadi 2006, ukajumlisha ajali, mauaji na mengineyo. Wilaya za mashambani kabisa zilikuwa na hatari kubwa kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko zile za mijini kabisa, na ajali za magari ndizo zilizobeba uzito mkubwa. Mzazi anayehama ili kumlinda mtoto dhidi ya wezi, kisha akamweka ndani ya gari kila siku kwa umbali mara tatu, amebadilishana hatari moja na nyingine.

Dhana: Kuishi karibu na miti ni kuyatunza mazingira

Miti unayoiona dirishani haisemi umechoma mafuta kiasi gani. Christopher Jones na Daniel Kammen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha mwaka 2014 kwamba viunga vilitoa karibu nusu ya hewa ukaa yote itokanayo na kaya za Marekani, ingawa vilikuwa na chini ya nusu ya watu. Nyumba kubwa huhitaji nishati nyingi, na gari hutumika kwa kila hitaji. Kipato nacho kina mchango wake, maana tajiri wa mjini anayepanda ndege kila mwezi hawezi kujificha nyuma ya ghorofa lake.

Dhana: Majiji yanakufa, kila mtu anahama

Kauli hii hurudi kila kizazi. London ilikuwa na watu wapatao milioni 8.6 mwaka 1939, ikashuka hadi chini ya milioni 7 katika miaka ya 1980, na wengi wakaamini haitarudi. Mwaka 2015 ilipita kilele chake cha zamani. Manhattan, kitovu cha jiji la New York, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3 mwaka 1910, wamebanana katika vyumba visivyo na hewa. Mwaka 2020 walikuwa takriban milioni 1.7, na hakuna anayedai kwamba Manhattan imekufa.

Janga la korona lilichochea dhana hii upya. Kazi za ajira zinazofanyiwa nyumbani Marekani ziliruka kutoka chini ya siku 1 kati ya 10 za kazi mwaka 2019 hadi zaidi ya nusu mwaka 2020, kisha zikatulia karibu robo. Hata hivyo, wanauchumi Arjun Ramani na Nicholas Bloom walipofuatilia waliohama waligundua kwamba wengi walitoka katikati na kwenda viungani mwa jiji lile lile. Kitovu kikapungua, kingo zikajaa, jiji likabaki. Mtu anayetakiwa ofisini siku mbili kwa wiki anaweza kuvumilia umbali ambao asingeuvumilia kwa siku tano.

Dhana: Viunga ni vya familia changa daima

Tama New Town, nje ya Tokyo, ilipokea wakazi wake wa kwanza mwaka 1971, wengi wao wazazi vijana. Walizeeka pamoja. Shule zikafungwa kwa kukosa watoto, na majengo ya ghorofa tano yasiyo na lifti yakawa kikwazo kwa watu wale wale waliopanda ngazi zake wakikimbia. Mahali palipojengwa kwa mkupuo mmoja kwa rika moja huzeeka kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kununua, angalia kama mtu wa miaka 75 asiyeweza kuendesha gari anaweza kupata dawa na mkate bila kumwomba mtu.

Dhana: Ni lazima uchague kimoja

Kati ya ghorofa refu na nyumba yenye uwanja kuna nyumba pacha, nyumba za safu, na jengo dogo la familia nne lenye duka chini. Sehemu nyingi za Marekani zilikosa makazi haya kwa sababu kanuni za ardhi ziliruhusu nyumba ya familia moja tu kwa kiwanja. Jiji la Minneapolis liliamua mwaka 2018 kuruhusu hadi familia tatu katika viwanja hivyo, na jimbo la Oregon likapitisha sheria ya mwelekeo huo mwaka 2019. Kanuni za aina hii huamuliwa katika vikao vya mipango miji ambavyo wakazi wachache huhudhuria, na mara nyingi wanaojitokeza ni wenye nyumba tayari. Wapangaji na vijana wanaotafuta pa kuanzia ndio wanaopaswa kujaza viti hivyo.