Dau la jina la kikoa si maneno matupu

Wengi wanaowinda majina ya kikoa, yaani anwani za tovuti za .com au .ug, kwenye minada ya intaneti, wakiwa Kampala au Mbarara, huamini kwamba dau halimfungi mtu mpaka pesa itoke. Si kweli. Dau ni ahadi ya kununua. Muda wa mnada ukiisha wewe ukiwa juu, ahadi imekubaliwa. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 huhesabu ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 haiukatai mkataba kwa sababu tu ulifungwa mtandaoni.

Majuto mengi huanzia kwenye dau la ukomo, yaani kiasi cha juu unachouruhusu mfumo wa mnada ukufikishe. Mtu anaandika dola 900 akitumaini kulipa 200, mfumo unampandishia kila mshindani anapojibu, na asubuhi anadaiwa 880. Andika kiasi ambacho uko tayari kukilipa chote. Kabla ya hapo, tafuta neno lililo kwenye jina unalolitaka katika daftari la alama za biashara la URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, na uiulize benki kikomo cha kadi yako kwa siku.

Umeshinda na moyo unasita? Lipa kwa wakati, kisha uliuze jina hilo upya. Ukishindwa kabisa, mwandikie muuzaji kabla ya muda wa malipo kuisha. Kunyamaza kunamuumiza zaidi: mshindani wa pili huenda ameshanunua jina jingine.

Jina la .com likikataa kuhamishiwa kwa msajili mwingine (kampuni inayosajili majina), usihofu. Kufuli la siku 60 baada ya kubadilisha mmiliki ni la kawaida, na tovuti yako hufanya kazi.