Roxanne si rege, jamani

Jumamosi iliyopita MC kanijia jukwaani na kikaratasi: "Ile rege ya Roxanne, kwa ajili ya maharusi wetu." Mstari mmoja, makosa mawili.

La maharusi nalipita haraka. Mwanamume wa kwenye wimbo ule anampenda kahaba na anambembeleza aiache kazi hiyo. Mtunzi wake, Sting, aliwaona wanawake wa namna hiyo karibu na hoteli waliyofikia yeye na bendi yake, The Police, jijini Paris, 1977; jina akalitoa kwenye bango la tamthilia ya Cyrano de Bergerac. Bibi harusi akiutaka hivyo hivyo, mimi nani?

La rege ndilo linaloniudhi. Mimi ni mpiga rizimu, gitaa la kushika mdundo. Kwenye rege mkono wangu unasubiri: moja-NA-mbili-NA, napiga kwenye "na". Sasa sikiliza beti za Roxanne. Mpiga gitaa wao, Andy Summers, anapiga moja, mbili, tatu, nne, juu ya pigo lenyewe, kama mdai anayegonga mlango, huku akishuka kutoka kodi ya G minor (kodi za gitaa, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja; TRA tulieni). Kila pigo analikata: vidole vinalegea ila haviachi nyuzi. Ukichelewa kuvilegeza, sauti inatambaa. Ukivinyanyua, nyuzi tupu zinalia. Mwaka jana tuliazima mpiga rizimu mwenye mkono wa rege. Kufika ubeti wa pili, dramu na besi walikuwa wanatazamana kama watu waliopanda basi lisilo lao.

Sting aliutunga kama bosanova, mtindo wa Brazili, na mpiga dramu Stewart Copeland ndiye aliyependekeza uwe tango, ile dansi ya Argentina. Tango nayo, mh! Nimewahi kuwapigia wacheza tango. Kwa Roxanne wangerudi mezani. Halafu ile besi inayoacha mapengo ina harufu ya Jamaika, siwezi kukana. Kwa hiyo kuna siku najiuliza kama nagombana na MC au na besi. Kiitikio hakina mjadala: roki tupu.

Wimbo uliposhindwa kushika chati 1978, wakautoa tena 1979, ukafika namba 12 Uingereza na 32 Marekani. Na ile kodi ya ovyo ya piano pale mwanzoni, ikifuatiwa na kicheko, wala si ubovu wa spika zako: Sting alikalia piano kwa bahati mbaya, wakaiacha kodi hiyo kwenye rekodi.

Tuliupiga. Ukumbi mzima ukacheza rege.