Ukinyimwa Fedha za Inua Jamii: Jaji Atataka Kuona Nini

Wengi wanaonijia hapa Malindi baada ya jamaa yao mwenye ulemavu mkubwa kunyimwa fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wasiojiweza, huja na picha. Hunionyesha miguu, mkao, vidonda vya kulalia. Nawaelewa. Shilingi 2,000 kwa mwezi si kidogo kwa mama asiyeweza kutoka kuuza mahamri kwa sababu ana mtu wa kulisha na kugeuza. Lakini Mahakama Kuu haipimi ulemavu. Inauliza uamuzi ulifikiwaje: nani aliamua, kwa sababu gani, na je, mlisikilizwa?

Ndiyo maana naanza kwa kuuliza barua ya kukataliwa. Mara nyingi haipo. Mtu ameambiwa kwa mdomo tu, "jina halikutoka", akarudi nyumbani. Hiyo si sababu, na inaniuma kuona watu wakiipokea kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Basi andika barua kwa afisa wa maendeleo ya jamii, uombe sababu hizo na nakala za karatasi zilizotumika kuamua. Nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe palepale. Usiondoke bila muhuri. Sheria ya mwaka 2015 inayosimamia maamuzi ya kiutawala inaipa ofisi miezi mitatu ya kujibu. Ikinyamaza, mahakama itachukulia kwamba uamuzi haukuwa na sababu nzuri, mpaka ofisi ithibitishe vingine.

Tarehe nazo ziangalie. Ombi la kufuta uamuzi kwa kawaida lina ukomo wa miezi sita, kwa hiyo kusubiri jibu kunaweza kula nusu ya muda wako. Tena ile sheria ya 2015 inataka kwanza umalize njia za malalamiko za ndani ya ofisi. Jaji anaweza kukusamehe hilo kwa hali ya kipekee, ila mimi sishauri mtu aitegemee. Peleka malalamiko siku ileile unayopeleka barua.

Ambatanisha ripoti ya daktari, kwani jaji hutazama kilichokuwa mbele ya aliyeamua. Fedha hizi ni za mtu anayehitaji mlezi saa zote, na jina la ugonjwa peke yake halisemi hivyo. Daktari aandike asichoweza mgonjwa: kujilisha, kwenda choo, kugeuka usiku. Mlezi naye aape hati ya kiapo. Bibi mmoja wa kisiwa cha Pate alieleza kwamba hawezi kupanda boti kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, kufuatilia jina la mjukuu wake mpaka jirani aje akae naye. Sentensi hiyo ilisema mengi kuliko kurasa zangu za hoja.

Ada ya kufungua kesi isikutishe: kwa kesi ya haki za msingi, Kifungu cha 22 cha Katiba kimeiondoa.

Ukishinda, usitarajie kutoka kortini na pesa. Mara nyingi jaji hufuta uamuzi na kuirudishia ofisi iamue upya, na unaweza kumwomba aiwekee muda.