Hakuna anayepewa zabuni

Jumanne jioni Baba Shiro alitupasha habari kwenye grupu ya mtaa: "Tenda ya mtaro imepewa jamaa fulani wa Thika Road. Wamefungua leo asubuhi." Kufikia saa mbili usiku huyo jamaa wa Thika Road alikuwa ameshachambuliwa mpaka mfupa: ni mtu wa nani, amemlipa nani, na kwa nini asiwe kijana wa hapa hapa. Mama mmoja alikuwa ameshauliza kama anaandika vibarua. Nilijaribu kusema kwamba kufungua bahasha za bei si kutoa kazi, nikajibiwa niache Kiswahili cha redio.

Redio yenyewe, bahati mbaya, haina nafuu. Kila siku nasikia kampuni fulani "imepewa zabuni", waziri "ametoa zabuni", mwanakandarasi "amepokonywa zabuni". Nimevumilia miaka. Leo acha niseme.

Zabuni ni bei ambayo mtu anajitolea kufanyia kazi, au kuletea bidhaa, baada ya kualikwa ataje bei hiyo. Ofisi inatangaza kwamba inataka mtaro uchimbwe. Anayeitaka kazi anajaza karatasi, anataja bei, anatia saini, anafunga na kuwasilisha kabla ya saa iliyowekwa. Hicho alichowasilisha ndicho zabuni. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma, ile ya mwaka 2015, inalieleza neno hivyo hivyo: ni pendekezo la maandishi kutoka kwa anayetaka kuuza au kufanya kazi, likijibu mwaliko. Wakijitokeza watu sita, zabuni ni sita, na ya atakayeshindwa ni zabuni sawa na ya atakayefaulu. Kandarasi ni moja, nayo huja mwishoni, ikiwa itakuja.

Kwa hiyo zabuni haipewi mtu. Mtu ndiye anayeitoa. Ofisi huipokea, ikaikubali au ikaikataa.

Neno lenyewe lina historia ya kuchekesha. Kwa Kiarabu zabuni ni mteja, mnunuzi. Hadi leo mwenye duka Beirut au Baghdad akikuita zabuni, amekuona umekuja na pesa. Nao Waarabu walilitoa katika Kiaramu, ambako mzizi wake ulihusu kununua. Lilipofika pwani yetu likaingia kwenye mnada. Dalali anasimama na jahazi, au mashamba, au fanicha za marehemu, na waliozunguka wanazabuni: mmoja anataja bei, mwingine anapanda, wa tatu anapanda tena, mpaka nyundo igonge. Kuzabuni kukawa ni kutaja bei ili ununue, na anayetaja kubwa ndiye anayeondoka na mali.

Sasa lichukue neno hilo ulilete kwenye mtaro wetu. Mzabuni hapa hanunui kitu, anauza jasho lake, mchanga wake na mawe yake. Mnunuzi ni ofisi. Bei nayo haipandi. Kila mmoja anajitahidi kuishusha, tena kwa siri, ndani ya bahasha, bila kumsikia mwenzake. Neno limegeuka kichwa chini miguu juu. Lililoanza kwa kumtaja mwenye pesa sasa linamtaja anayezitafuta. Kwenye ofisi za umma maana ya kale imebaki pale zinapouza magari yao makuukuu au vyuma chakavu. Hapo mzabuni ni mnunuzi kweli, na wa bei ya juu ndiye anayeangaliwa. Nikiona tangazo la aina hiyo gazetini hufurahi kidogo, kama mtu aliyekutana na rafiki wa babu yake.

Lakini katika safari yote hiyo, Kiaramu, Kiarabu, mnada wa pwani, jengo la ofisi Nairobi, kuna kitu kimoja ambacho hakikubadilika. Zabuni ni kutaja. Ni mtu anayefungua mdomo kabla ya jambo kuamuliwa.

"Tenda" ni habari nyingine. Hilo tumelitoa kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa, nao kwa Kilatini, na huko mwanzo maana yake ni kunyoosha. Mkono umenyooshwa, una kitu ndani, unasubiri upokelewe. Picha hiyo ingetutosha. Tatizo ni kwamba sisi tayari tulikuwa na tenda yetu, ya kutenda, ya matendo, yenye ukoo mwingine kabisa. Yakakutana maneno mawili yanayofanana sura kama mapacha wa mama tofauti. Mimi hushuku, na ni shuku yangu tu, kwamba hapo ndipo mambo yalipoharibika: mtu akisikia "nimepata tenda" masikio yake yanamwambia amepata la kutenda, yaani kazi. Ndiyo maana leo tunasema fulani ana tenda ya kupeleka sukuma wiki shuleni, tenda ya kufua mashuka ya hoteli. Sina ugomvi na hayo. Ni lugha ya watu, imeshakomaa, na mama wa sukuma wiki anaeleweka. Ugomvi wangu unaanza pale ambapo hela ni za umma na watu wanadhani siku ya kufungua ndiyo siku ya kuamua.

Nimekuwa katika vyumba hivyo. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwa mwanakandarasi mdogo mwenye ofisi ya chumba kimoja Industrial Area, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kupeleka bahasha, kukaa, na kurudi na bei za wenzetu zimeandikwa kwenye daftari la shule. Sanduku ni la chuma, lina mdomo mwembamba juu, lina kufuli. Saa nne ikigonga mdomo unafungwa, na mwenye kufika saa nne na dakika mbili, akihema kutoka kwenye ngazi, anarudishiwa bahasha yake bila kufunguliwa. Nimeona mtu mzima akilia kwa dakika mbili hizo. Foleni ya Mombasa Road si sababu.

Kisha kamati inakaa, si chini ya watu watatu. Kila bahasha inapewa nambari, kurasa zinahesabiwa. Mmoja anasoma kwa sauti: jina la kampuni, bei yote kwa jumla, na dhamana iliyowekwa kama ilitakiwa. Wengine wanatia saini kwenye kurasa na herufi za majina yao kando ya bei, ili usiku asije mtu na kalamu. Sisi tuliokaa kwenye viti vya plastiki tunaandika. Hakuna anayeuliza swali la maana. Hakuna anayepongezwa. Karatasi zinabebwa ndani na mlango unafungwa.

Ndiyo yote. Baba Shiro alichokisikia Jumanne ni hicho: bei zilisomwa, na ya jamaa wa Thika Road ilikuwa ya chini.

Nisiseme kama kwamba ni sisi peke yetu. Huko Marekani, jimbo la Indiana, miji midogo ina bodi ya kazi za umma na usalama, wajumbe wake wakiteuliwa na meya. Ukiangalia shughuli zake za kawaida utadhani uko kwenye mkutano wa chama cha wenye nyumba: kuruhusu barabara ifungwe kwa ajili ya gwaride, kupitisha malipo, kusikiza mtu aliyeletewa bili kubwa ya majitaka. Zabuni za lami zikifika zinasomwa kwa sauti hadharani, kisha mjumbe mmoja anatoa hoja zichukuliwe zikachunguzwe, mwingine anaunga mkono, na wanaendelea na gwaride. Uamuzi unaletwa kikao kingine. Na sheria yao nayo haisemi kazi apewe mwenye bei ya chini, basi. Inasema bei ya chini ya mzabuni mwenye uwezo aliyetimiza masharti ya mwaliko. Masharti hayo ndiyo yanayochukua muda.

Hapa kwetu vilevile. Kamati ya tathmini ina hadi siku 30. Kwanza wanatazama makaratasi: usajili, cheti cha kodi, saini mahali pa saini. Kisha uwezo: mashine, mafundi, kazi alizofanya. Bei inatazamwa mwisho, na wanaofika mwisho huwa wachache kuliko walioanza. Anayetafutwa ni mwenye bei ya chini miongoni mwa waliobaki, na katika sentensi hiyo maneno mazito ni "miongoni mwa waliobaki".

Niliyajifunza hayo kwa aibu. Safari moja, kwa kazi ya ukuta na lango ya ofisi nisiyoitaja, bei yetu ilikuwa ya chini kuliko zote nane zilizosomwa. Nilirudi mbio na daftari langu. Bosi alilitazama, akalitazama tena, akanunulia ofisi nzima nyama ya kuchoma, sisi watu wanne, na kesho yake akachukua saruji kwa mkopo hapo Gikomba ili asije akachelewa kuanza. Mwezi ulipokaribia kwisha ikaja barua. Cheti cha kodi kilikuwa kimepitwa na muda siku tisa kabla ya siku ya kufungua. Tuliondolewa hatua ya kwanza, bei yetu haikufikiwa hata kutazamwa. Saruji ilikaa kwenye chumba chetu mpaka ikaganda mifukoni. Kwa miezi nilikuwa nakalia mfuko mmoja nikipiga chai, mgumu kama jiwe.

Na kitu kingine watu hawakijui. Bei ikishasomwa imesomwa. Kifungu cha 82 cha ile sheria yetu ya 2015 kinasema jumla iliyosomwa siku ile ni ya mwisho, haisahihishwi na yeyote. Ukikosea kujumlisha ukaandika milioni 4 mahali pa milioni 5, utaishi na milioni 4. Kwa hiyo siku ya kufungua ina uzito wake, sikatai. Inafunga bei. Lakini haichagui mtu.

Baada ya tathmini mkuu wa ofisi anaandika barua, kwa aliyefaulu na kwa walioshindwa siku moja, na walioshindwa wanaelezwa sababu. Hata barua hiyo si kandarasi; sheria yenyewe imeona vyema kulisema hilo waziwazi. Lazima zipite siku 14 kabla ya mkataba kutiwa saini, na ndani ya siku hizo aliyeshindana akaona ameonewa anaweza kupeleka lalamiko kwa bodi ya kusikiza malalamishi ya zabuni, na kila kitu kikasimama. Bodi ina siku 21 za kuamua. Inaweza kuamuru tathmini irudiwe. Ofisi nayo, kabla ya barua hizo kutoka, inaweza kufuta shughuli yote, labda kwa kuwa bajeti haitoshi. Nani basi alikuwa "amepewa tenda" siku zote hizo?

Hiki ndicho kinachoniudhi kuliko sarufi. Mtaa wetu unapiga kelele siku ya kufungua, siku ambayo kila kitu kinafanywa mbele ya watu na kwa sauti. Kisha kwa sababu tunaamini mambo yamekwisha, tunalala. Tathmini inafanyika mlango ukiwa umefungwa, sisi tumelala. Barua zinatoka, siku 14 zinapita, sisi tumelala. Mkataba unatiwa saini, na hakuna anayeuliza uliandikwa mtaro wa upana gani na wa kina gani. Tunaamka mvua ya Aprili ikiingia vyumbani. Mikataba hutakiwa kuwekwa kwenye tovuti ya serikali ya zabuni, na kipengele cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Lakini utaomba mkataba vipi kama unadhani ulisomwa kwa sauti tangu Jumanne?

Nikubali jambo moja, nisije nikaonekana mzee wa kamusi. "Zabuni" limeshaanza kubeba pia maana ya shindano zima, kuanzia tangazo hadi mwisho. "Zabuni imetangazwa" nalielewa, na silisahihishi tena, ingawa kinachotangazwa ni mwaliko. "Ameshinda zabuni" nalo nalimeza, kama mtu anayesema ameshinda bahati nasibu. "Amepewa zabuni" ndilo linalonikwama kooni, kwa kuwa linamgeuza mwenye kutoa kuwa mwenye kupokea, na linafuta wiki zote za katikati kwa neno moja.

Kwa hiyo, Baba Shiro, kwa heshima na tukijua ni wewe peke yako uliyejisumbua kupanda matatu hadi huko asubuhi: ulichotuletea ni habari nzuri, ila ulipaswa kutuandikia hivi. "Leo zimefunguliwa zabuni sita za mtaro wetu. Ya chini ni ya kampuni moja ya Thika Road. Kandarasi bado haijatolewa. Tathmini inaweza kuchukua mpaka siku 30." Na kama una nafasi mwezi ujao, nitakuja nawe tukaulize imefikia wapi. Nauli yako nitalipa mimi.