Kinyago kilicholowa hakianikwi juani

Mvua kubwa ikiezua mabati hapa Lubumbashi na kinyago cha Kiluba (cha Waluba, kabila la Kongo) kikalowa, wengi hukikimbizia juani “kikauke upesi”. Upesi huo ndio unaokipasua: mbao husinyaa upande wa nje ilhali ndani bado imejaa maji, na ufa hufuata nyuzi zake, mara nyingi kuanzia jichoni au mdomoni palipochongwa pembamba.

Gandamiza kitambaa cha pamba kinyonye maji. Usisugue, rangi itabanduka. Kilaze kivulini juu ya vijiti viwili, hewa ipite chini, ukigeuze kila siku kwa wiki kadhaa. Usikifunge kwenye plastiki: ukungu waweza kuota ndani ya saa 48. Na kukipaka mafuta ya mawese? Hayo hunasa vumbi tu.