Mitindo ya kujifunza ni nini, na simu ya mwalimu inaingiaje hapo

Kaa ofisi ya walimu dakika kumi tu utasikia "yule mtoto ni wa kusikia, yule wa kuona, yule bila kushika kitu haelewi", na siku hizi wanamalizia na "ndo maana tunataka teknolojia". Hicho wanachokisema kinaitwa mitindo ya kujifunza. Mi nafundisha Baiolojia sekondari, neno hili nimelitumia miaka na kuna wakati nimelitumia vibaya kabisa, kwa hiyo naomba nilieleze taratibu, maana ndani yake kuna vitu viwili, kimoja kweli kingine si kweli, na tunavibeba vyote pamoja.

Kwa kifupi, mtindo wa kujifunza ni ile njia mtu anayopenda kupokea jambo jipya. Mgawanyo unaojulikana sana ni wa Neil Fleming, mtu wa New Zealand aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule, ambaye 1992 pamoja na Colleen Mills waliuandikia makala: kuna wanaopenda kuona michoro, wanaopenda kusikia, wanaopenda kusoma na kuandika, na wanaopenda kufanya kwa mikono. Wapo wengine wengi tu waliokuja na migawanyo yao, mwaka 2004 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Frank Coffield walihesabu wakakuta 71! Sasa mwalimu mwenye watoto themanini darasani aanzie wapi.

Kilicho kweli ni kwamba watu wanatofautiana wanachopenda, hilo halina ubishi, hata wewe unajijua. Kisicho na ushahidi ni ile hatua ya pili, kwamba ukimpima mtoto ukakuta ni wa kusikia basi mfundishe kwa kusikia na ataelewa zaidi. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, wakaeleza kitu ambacho nakipenda kwa sababu kinaeleweka bila shule kubwa: kama hiyo kauli ni kweli, chukua wa kuona na wa kusikia, wagawe kwa bahati nasibu, nusu wa kila kundi wafundishwe kwa picha na nusu kwa sauti, afu wote wape mtihani mmoja. Wa kuona waliopewa picha inabidi wafanye vizuri zaidi, na wa kusikia waliopewa sauti vilevile. Wakapitia tafiti zilizopo, zilizofanywa kwa utaratibu huo ni chache mno, na kati ya hizo kadhaa zilileta majibu yanayopingana na hiyo kauli.

Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka kijana mmoja wa kidato cha pili. Alikuwa anakaa nyuma, ubaoni hanakili kitu ila ukimuuliza kwa mdomo anakujibu safi. Nikajiambia huyu ni wa kusikia. Nikawa namuuliza kwa mdomo tu, muhula mzima. Siku moja nikawapitishia mchoro kwenye kishikwambi (yaani tableti, hivi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022), ulipomfikia akakivuta karibu na pua, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kusoma jina mojamoja kimyakimya. Alikuwa haoni ubao. Si mtindo, ni macho, na mimi nilikuwa nimeshampa jina linalonifanya nisitafute sababu. Alipopata miwani akahamia mstari wa mbele na daftari lake likaanza kuwa na michoro kama ya wenzake.

Kwa hiyo mi siku hizi simpangi mtoto kwenye fungu. Naliangalia somo kwanza, hili jambo lenyewe linataka kuonwa, kusikiwa au kufanywa? Afu watoto wote wanapita njia zote. Teknolojia ndo inapofaa hapo, maana kwa chaki peke yake huwezi kufungua njia nyingi ndani ya vipindi viwili.

Chukua moyo, maana kwenye moyo watoto wanapotea kila mwaka. Mchoro wa kitabuni upande ulioandikwa kulia uko kushoto kwa msomaji, na mtoto anajiuliza kimoyomoyo huyu mwandishi amekosea au mimi ndo sielewi. Nilikuwa naeleza kwa maneno, "mchoro unakutazama wewe", hawashiki. Sasa nafanya hivi, naita mwanafunzi mbele, nafungua mchoro kwenye kishikwambi, namwambia akiweke kifuani kioo kikiwatazama wenzake, afu anyanyue mkono wa kulia. Mkono unakuja upande uleule ulioandikwa kulia. Utasikia darasa zima "aaah". Sekunde ishirini, na hapo wameona, wamesikia na mmoja wao amefanya kwa mwili wake.

Baada ya hapo ndo video fupi ya vali, vile vijilango vya ndani ya moyo, zikifunguka na kufunga, nimeidaunlodi nyumbani kwa sababu bando na mtandao wa shuleni sivitegemei, naionyesha mara ya kwanza bila sauti nikiwauliza wanaona nini, mara ya pili na sauti. Afu wanashika mapigo kifundoni mwa mkono, mimi nashika saa ya simu, sekunde thelathini, zidisha mara mbili, rukeni mara ishirini, hesabuni tena. Somo halijabadilika, ni lilelile, ila limeingia kwa milango mitatu.

Na picha nayo inadanganya, hili walimu tuliseme. Mchoro unapaka bluu damu yenye oksijeni kidogo, na kila mwaka nasahihisha karatasi zimeandikwa damu ya bluu. Damu haina rangi hiyo, ile ya kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ni nyekundu iliyokolea tu. Mtoto anayeitwa wa kuona ukimwachia michoro pekee ataondoka na hiyo bluu mpaka uzee, anahitaji kusikia sentensi moja ya kumsahihisha kama mwenzake yeyote.

Kuna na suala la lugha ambalo linajificha humuhumu. Sekondari zetu za serikali Tanzania tunafundisha kwa Kingereza, mtoto katoka msingi kasoma kwa Kiswahili, akikaa kimya tunasema huyu hajifunzi kwa kusikia. Anasikia vizuri, lugha ndo haijafika! Mi narekodi maelezo ya dakika tatu kwa Kiswahili, majina ya kitaalamu nayaacha kwa Kingereza kama yatakavyokuja kwenye mtihani, jioni nawatumia wazazi WhatsApp, maana wanafunzi simu shuleni hawaruhusiwi. Sauti ina uzuri wake, mtoto anairudisha nyuma mara tano bila kumwogopa mtu.

Mfano mkubwa wa karibu yetu ni lile shindano la XPRIZE, la kutafuta programu za kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, lililomalizika 2019. Programu tano za tableti zilijaribiwa kwenye vijiji karibu 170 mkoani Tanga, karibu watoto elfu tatu, kwa Kiswahili, wengi wao hata shule walikuwa hawajaenda, na mwalimu hayupo. Walioshinda walikuwa wawili, Kitkit School na onebillion. Mtoto anaiona herufi, anaisikia ikitamkwa, anaichora kwa kidole kwenye kioo, mtoto huyohuyo mmoja anavipata vyote. Hakuna aliyeanza kwa kuulizwa we ni wa kuona au wa kusikia.

Ila mtoto asiyeona au asiyesikia hilo ni jambo lingine kabisa, msilitie kwenye mitindo. Huyo ni haki yake, si upendeleo. Simu nyingi za Android zina TalkBack inayosoma kilichopo kwenye kioo, na wa kutosikia anahitaji maandishi chini ya video na lugha ya alama.

Kitu cha mwisho ni njia ya kujibu, maana tunahangaika na kupokea tu. Nina binti haandiki zaidi ya mistari miwili, swali lolote. Nikampa simu yangu nikamwambia niambie tone la damu linasafiri vipi kutoka mguuni mpaka kwenye mapafu na kurudi. Akatoka nje, akaongea dakika nne, kila hatua ipo. Mtihani wa taifa unataka maandishi, hilo halikwepeki, kwa hiyo nikamrudishia simu na kalamu. Akakaa chini ya mwembe, akawa anajisikiliza sentensi moja, anasimamisha, anaiandika, anabonyeza tena, na kengele ilipogongwa alikuwa ameshageuza karatasi upande wa pili.