Beki wa zamani wa footy hakuwa mpiga watu tu

Ile meseji ya kwenye magrupu imerudi tena, eti footy, ule mpira wa Australia ambao si soka letu, hauna sheria na beki wa enzi zile kazi yake ilikuwa kuvunja watu miguu. Sio kweli jamani. Sheria ziliandikwa Melbourne mwezi wa tano 1859, zilikuwa 10 tu, na kupiga mateke ya miguuni kulishakatazwa humo humo, ingawa kusukumana kuliruhusiwa kwa kiasi chake. Tena beki alikuwa na kazi ya akili, mpira ukitoka nyuma ya goli lao waliuleta yadi 20 mbele, kama mita 18 hivi, halafu wanaupiga kulenga goli la pili. Ukitaka kuhakikisha tafuta sheria za 1859 mtandaoni, ni fupi unazimaliza kabla chai haijapoa.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu hakuna ofusaidi, mpira unashikwa kwa mkono, na klipu zinazosambaa ni za kugongana tu, dakika nyingine zote zimekatwa. Kwa hiyo ikikufikia usiifowadi, na aliyekutumia mwambie taratibu tu bila kumchamba.